Moshi na Arusha: wapi pa kuogelea kiangazi hiki, nikiwa na mtoto mwenye ualbino?

#1 · MamaWaSoweto

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wenu mapema kabla Desemba haijatufikia.

Nakaa Moshi, Soweto. Kama ilivyo kwetu Uchaggani, Krismasi ukoo wote unarudi nyumbani, na mwaka huu kaka yangu anakuja na mke wake Mjerumani pamoja na watoto wao wawili. Wifi ameshaniuliza kwenye simu mara tatu tutaogelea wapi na ataota jua wapi. Kwao Desemba ni giza na baridi, kwa hiyo simshangai. Na mimi ninaye mwanangu wa kiume wa miaka tisa, ana ualbino. Mtoto huyu anapenda maji kuliko kitu chochote, akiona beseni limejaa anataka kuingia. Basi nyumba moja ina mtu anayelitafuta jua na mtu anayelikimbia, na mimi nataka siku moja wote wawe majini pamoja.

Natafuta maji safi, yasiyo na mamba wala kichocho. Natafuta kivuli cha kweli, si mwavuli mmoja wa kugombania. Na pawe na sehemu ya kina kifupi, maana mwanangu hajui kuogelea, wala watoto wa dada yangu wa Dar hawajui, pamoja na kwamba wamekulia karibu na bahari.

Niseme pia kwa nini nauliza huku badala ya kwenda tu hotelini. Mwezi wa pili nilimpeleka kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, sitaitaja. Alipoingia tu, mama mmoja akawaita wanawe watoke. Hakusema neno, aliwafunga taulo akawakalisha kando mpaka sisi tulipoondoka. Mwanangu aliona. Njiani akaniuliza, "Mama, ngozi yangu inachafua maji?" Nilimjibu, lakini naona hakuridhika na jibu langu, na mimi mwenyewe sijaridhika nalo.

Arusha pia niko tayari kuja, mradi tuondoke asubuhi turudi jioni.

#2 · Chalii wa Ngaramtoni

Pole sana mama. Swali la dogo limeniuma.

Jibu langu ni Chemka. Wengine wanapaita Maji Moto, wageni wanapajua kwa jina la Kikuletwa, ni palepale, Rundugai, wilaya ya Hai. Sisi huku Arusha tunashuka huko joto likizidi, ingawa joto letu si la kulinganisha na lenu. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jua likizama tu tunatafuta masweta. Nyie Moshi mko chini ya mita 1,000, Januari usiku hamlali.

Njia ya Chemka ni vumbi na miiba mpaka unaanza kuona umepotezwa. Halafu ghafla miti imesongamana, na katikati yake kuna maji ya buluu unayoyaona mpaka chini. Mikuyu imeinama juu ya maji, mizizi yake imeshuka mpaka ndani, watu wanaikalia. Hata saa saba mchana kuna upande ambao jua linapenya kwa vitone tu. Kwa dogo hilo ndilo unalotafuta. Na wifi yako kuna ukingo ulio wazi, atandike kanga yake aote jua apendavyo.

#3 · BodaWaBoma

Mimi ni dereva wa bodaboda Boma Ng'ombe, huko Chemka napeleka watu kila wiki, kwa hiyo nikueleze njia vizuri dada.

Kutoka Moshi panda Hiace ya Arusha, shuka Boma Ng'ombe, ni kama kilomita 25. Hapo unaacha lami unashika barabara ya vumbi kuelekea Rundugai. Kwa mtu mmoja boda inatosha. Kwa ukoo kama wako tafuta Noah, na mpatane bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda, dereva awasubiri. Kule jioni usafiri ni wa kubahatisha. Mvua za vuli zikichelewa kuisha barabara inakuwa tope, gari dogo la chini linakwama.

Getini mzawa analipa kidogo, mgeni analipa zaidi, kwa hiyo wifi yako ajiandae. Bebeni pesa taslimu.

Sasa siku. Jumapili na sikukuu usiende na mtoto. Panajaa, muziki unapigwa kwa sauti kubwa, vijana wanajirusha na kamba bila kuangalia nani yuko chini. Siku ya kazi asubuhi mtakuta nyie na tumbili tu.

Na jina lisiwadanganye wageni, maji si ya moto. Ni vuguvugu. Yanachemka kwa maana ya kububujika kutoka ardhini.

#4 · Mangi wa Uru

Binti yangu, karibu Uru. Kwa nini mwende mavumbini wakati mlima uko nyuma ya nyumba? Materuni ni kama kilomita 15 kutoka mjini. Maporomoko yake yana urefu wa mita zipatazo 80, unatembea kati ya migomba na kahawa mpaka unafika chini yake, na kivuli kipo njia nzima. Mkirudi kuna kahawa inayotwangwa kwenye kinu mbele yenu. Mgeni kutoka Ulaya ukimpeleka Chemka ataona maji, ukimleta kwetu ataona maji na watu.

#5 · Kibosho Juu

Shikamoo Mangi. Kwa heshima zote, Materuni napapenda lakini si pa kuogelea na watoto. Yale maji yanashuka kutoka Kilimanjaro, ukiingiza mguu unauma mpaka mfupani. Mtu mzima anaingia, anapiga kelele, anapiga picha, anatoka. Mtoto anayejifunza kuogelea akishtuliwa na baridi anavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko majini amevuta maji.

Kitu cha pili ni mvua. Pale chini jua linaweza kuwa linawaka na juu msituni mvua inanyesha, na mto ukapanda wakati nyinyi mko kwenye mawe. Maji yakianza kubadilika rangi au kuleta majani, tokeni hapohapo, msisubiri kuona.

#6 · Mangi wa Uru

Marahaba. Umesema kweli kuhusu mvua, hata sisi tuliokulia hapo tunaangalia juu kwanza. Basi niseme hivi: Materuni iwe siku ya kutembea na kunywa kahawa, si siku ya kuogelea. Lakini msiikose.

#7 · Tengeru Yetu

Mbona hamjataja Duluti? Iko hapa Tengeru, kilomita chache tu kutoka Arusha, msitu mzuri, ziwa limetulia kama kioo. Mama akija huku ni karibu na barabara kuu kabisa.

#8 · DerevaWaMilima

Ndugu yangu wa Tengeru, Duluti ni pa kuzunguka msituni kwa miguu na kupanda mtumbwi. Si pa kuogelea, tafadhali sana. Lile ni ziwa la kreta. Ziwa la kreta si kama ufukwe wa Pangani unaotembea hatua ishirini na maji bado yako magotini. Ukingo unashuka kwa mkupuo mmoja. Mtoto anakanyaga, hatua ya pili hakuna ardhi. Na maji yaliyotulia yenye majani ukingoni ndiyo konokono wa kichocho wanayoyapenda.

Nimewapeleka wageni huko miaka mingi, na siku zote nawaambia wavae jaketi la kuokolea hata ndani ya mtumbwi. Mama, kama wifi anapenda historia mpitishe Tengeru kwa ajili ya makaburi ya Wapolandi. Ni wakimbizi wa vita kuu ya pili, walianza kufika 1942, maelfu yao waliishi hapo, na wengine hawakurudi kwao tena. Lakini kuogelea, hapana.

Nimalizie maziwa yote nipunguze maswali. Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, ni zuri kuliko yote, buluu iliyokolea, kingo za mwamba zimelizunguka kama chungu, na kina chake kinapita mita 90. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba ziwa hilohilo, upande wa Kenya. Utaambiwa mamba walishakwisha. Mimi siweki mtoto wa mtu juu ya neno "wanasema". Jipe, mamba na viboko. Nyumba ya Mungu, bwawa ambalo mito ya Kikuletwa na Ruvu inamwaga maji yake, nendeni mkale perege, msiingie majini. Na maziwa ya Momella ndani ya hifadhi ya Arusha ni ya magadi, hayo ni ya flamingo.

Palipo pazuri kwa kweli, ila ni mbali, ni maporomoko ya Engare Sero karibu na Natron. Mnapanda korongo kwa miguu, mnavuka mto mara kadhaa, mnafika kwenye maji yanayotoka ukutani kwa mwamba na mnaogelea chini yake. Lakini bonde lile lina joto la kuchoma, njia karibu haina mti, na kwa ngozi ya mwanao sipendekezi. Kwenda na kurudi siku moja pia ni mateso.

#9 · MamaWaSoweto

Asanteni sana, sana. Sikutegemea majibu ya namna hii. Naona Chemka inashinda. Maswali mawili: kichocho Chemka je? Na kina chake? BodaWaBoma umesema vijana wanajirusha na kamba, ina maana ni kirefu.

#10 · BodaWaBoma

Ni kirefu dada, nisikufiche. Katikati mtu mzima hasimami. Maji ni meupe kiasi kwamba unaona mchanga chini, unadhani ni kiunoni, ukiingia unazama kichwa. Hapo ndipo wageni wengi wanaponaswa, macho yanawadanganya. Kuna sehemu za pembeni zenye mizizi na mawe ambapo mtoto anakaa maji yakiwa kifuani, lakini lazima mtu mzima awe naye ndani ya maji, si ukingoni na simu. Na kuna upande ambao maji yanatokea kwenda mtoni, yana mvuto. Msikae upande huo.

Kuna vijana wa pale wanakodisha maboya ya matairi. Yanasaidia kukaa, hayamuokoi asiyejua kuogelea.

#11 · Muuguzi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi ya hospitali miaka 34 hapa Kilimanjaro, na uzi huu nimeusoma wote. Nianze na kichocho, halafu nije kwa jua, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Kijidudu cha kichocho hakiingii kwa kunywa maji machafu kama wengi wanavyodhani. Kinatoka kwa konokono, kinaogelea, kinatoboa ngozi nzima isiyo na kidonda. Konokono hao wanataka maji yaliyotulia au yanayotambaa polepole, yenye majani. Ndiyo maana watoto wanaoogelea kwenye mifereji ya mpunga kule Lower Moshi wamekuwa wakiugua. Chemchemi inayobubujika na kutoka kwa nguvu haiwafai sana, ila vijito na mifereji inayotoka humo ni habari nyingine, watoto wasihamie huko kucheza. Baada ya kuogelea maji yoyote ya asili, wiki sita hadi nane zikipita, mpeleke mtoto apimwe choo na mkojo. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu.

Sasa jua. Mama, najua unayajua mengi kuliko mimi kwa sababu unaishi nayo. Najua Kilisun unaijua, losheni inayotengenezwa hapahapa hospitali ya KCMC kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino na wanapewa bure kliniki. Lakini kuogelea kunabadilisha hesabu, na hapa ndipo nimeona wazazi wazuri wakikosea.

Maji yanaondoa losheni. Ile uliyompaka saa mbili asubuhi, saa tatu akishaingia na kutoka mara tano haipo tena, hata kama kwenye chupa wameandika haitoki. Mpake nusu saa kabla, kila akitoka mkaushe mpake upya, na akikaa nje mpake kila saa mbili. Masikio, midomo, shingo nyuma, juu ya miguu. Juu ya miguu husahaulika kwa sababu siku zote kuna viatu.

Kivuli cha mti pia si ukuta. Jua linapiga maji na mchanga linarudi juu, linamkuta mtoto chini ya mkuyu. Kwa hiyo hata ndani ya kivuli avae fulana ya mikono mirefu majini, ya kitambaa kilichosokotwa kwa karibu, isiyo nyeupe nyepesi maana ikilowa inapitisha jua. Mawingu nayo msiyaamini.

Na saa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri jua letu ni kali, na hapa tuko karibu na ikweta tena juu ya usawa wa bahari. Fikeni Chemka saa moja na nusu au saa mbili. Aogelee mpaka saa nne. Hapo atoke, avae nguo kavu na kofia pana, ale, alale kivulini. Saa hizo ndizo wifi yako ataota jua lake, na yeye pia mwambieni dakika chache tu kwa siku ya kwanza, ngozi iliyotoka kwenye baridi inaungua kabla mwenyewe hajajua.

Jambo la mwisho, macho. Watoto wengi wenye ualbino hawaoni mbali, na mwanga mkali unaowaka juu ya maji unawapofusha kabisa kwa muda. Anaweza asione ukingo unapoishia. Anaweza asikuone wewe unayempungia mkono. Mkubaliane sauti, jina lake likiitwa mara mbili anarudi. Na mvalishe kofia ya kuogelea ya rangi kali, machungwa au nyekundu, ili wewe umwone.

#12 · Kibosho Juu

Mama Muuguzi shikamoo. Hilo la macho sikuwahi kulifikiria maisha yangu yote, na nina mpwa mwenye ualbino. Asante.

#13 · BintiNungwi

Naingia kutoka Unguja, samahanini kuvamia uzi wa wenye mlima.

Mama, bado kuna wiki tano mpaka Krismasi. Mfundishe kuogelea kabla. Namaanisha kweli. Mnazungumza mahali pazuri na mahali pabaya, lakini maji mazuri kuliko yote ni mabaya kwa asiyejua kuelea. Kwetu Nungwi tumezungukwa na bahari na bado wasichana wengi walikua bila kujua kuogelea, mpaka ulipoanza mradi wa Panje wakafundishwa kwa madumu. Dumu tupu la plastiki lenye kifuniko kilichofungwa vizuri. Unalikumbatia kifuani, unanyoosha miguu, unapiga. Halafu unalala chali nalo juu ya tumbo. Siku moja unaliachia bila mwenyewe kujua.

Msianze na kupiga mikono. Anzeni na kupuliza mapovu, uso majini, mpaka hofu iishe. Kisha kuelea chali. Mtoto anayejua kugeuka akalala chali na kupumua, ukimpoteza kwa dakika moja utamkuta anakusubiri.

Na watu wazima wote mtakaokwenda mjue hili: anayezama hapigi kelele. Mdomo uko majini, kelele haitoki. Anaonekana kama amesimama wima, kichwa nyuma, mikono inasukuma maji chini kama anapanda ngazi. Ukimwona hivyo mrushie dumu, kamba, tawi, kanga iliyofungwa fundo. Usijitupe kama hujui, mtazama wawili.

#14 · Chalii wa Ngaramtoni

Binti wa Nungwi karibu sana mlimani. Nimesoma hilo la kutopiga kelele mara mbili. Mwaka juzi rafiki yangu alitaka kuzama mbele yetu watu sita, tulikuwa tunacheka tukidhani anafanya mzaha. Alivutwa na mzee mmoja aliyekuwa anaosha pikipiki.

#15 · Mangi wa Uru

Binti yangu, pale mjini kuna bwawa la YMCA. Wanangu watatu wamejifunzia pale. Kwa asiyejua, bwawa lenye kuta na ngazi ni bora kuanzia kuliko chemchemi. Nenda asubuhi mapema kabla watu hawajafika, upande wa kina kifupi. Kabla hajaingia simama ukingoni uangalie chini. Ukiona sakafu vizuri mpaka pembe ya mbali, ingieni. Maji yakiwa na ukungu, hata kidogo, rudini nyumbani, iwe bwawa la nani.

Na kuhusu yule mama aliyewatoa watoto wake. Mimi ni mzee, nimeona mengi ya kuaibisha, na hilo nimelisoma nikafunga simu nikatoka nje kwanza. Mwambie mjukuu wangu babu wa Uru anamwita kunywa uji siku yoyote.

#16 · MamaWaSoweto

Shikamoo baba. Nimemsomea. Ameuliza kama uji una maziwa.

Kesho tunaanza YMCA, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla sijaenda kazini. Dumu la lita tano nimeshaliosha. Nitaleta mrejesho.

#17 · DerevaWaMilima

Safi. Ukifika Chemka msinywe maji yale hata yakionekana safi, maji mengi ya ukanda wetu huu yana madini ya floraidi, ndiyo yanayotia meno ukahawia. Kuogea hayana neno.

#18 · MamaWaSoweto

MREJESHO

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Nilisema nitarudi na nimerudi.

Wiki ya kwanza YMCA alikataa kuingiza uso. Tulipuliza mapovu tu, mimi na yeye, kila asubuhi, na baridi ya alfajiri ikitutetemesha. Wiki ya pili akaanza kupiga miguu na dumu. Niseme na langu pia: mimi mwenyewe nilikuwa sijui kuogelea. Nina miaka 38. Nilijifunza pamoja naye kwa kusoma maelezo ya BintiNungwi ukingoni kabla ya kuingia, na siku nilipoelea chali kwa mara ya kwanza nililia humohumo majini, yeye akadhani maji yameniingia machoni. Wiki ya tatu aliliachia dumu. Kama ulivyosema, hakujua kama ameliachia.

Tulienda Chemka tarehe 28, siku ya kazi, tukaondoka saa kumi na mbili na robo. Saa mbili kasoro tulikuwa getini. Tulikuta watu wanne tu. Mlichosema kuhusu mikuyu ni kweli tupu. Nilisimama pale sikuweza kuongea kwanza. Nimekaa Moshi maisha yangu yote, mwendo usiofika hata saa mbili kutoka nyumbani, na sikuwahi kufika.

Aliingia na fulana ya mikono mirefu ya buluu na kofia ya machungwa. Kaka alikuwa ndani ya maji upande wa kina, mimi upande wa mizizi. Watoto wa dada walibaki na madumu yao pembeni. Kuna visamaki vidogo mle, vikaanza kumdonoa miguu, akapiga kelele, kisha akatulia. Kulikuwa na mtoto wa kijijini, rika lake, anaogelea kama samaki mwenyewe. Akamsogelea akamwambia akikaza miguu visamaki vinaondoka, akiilegeza vinarudi. Wakakaa pale juu ya mzizi, miguu minne imening'inia majini, karibu nusu saa. Nilikuwa nasubiri yule mtoto aulize kuhusu ngozi. Hakuuliza. Alichouliza ni kama lile dumu anaweza kuazima.

Saa nne alitoka bila ugomvi, kwa sababu tulishakubaliana. Akala, akalala.

Wifi alipata jua lake. Nilimwambia maneno ya Mama Muuguzi kuhusu dakika chache, akaitikia, halafu akasinzia. Alipoamka mabega na mgongo vimekuwa vyekundu. Mwanangu alikuwa ameamka tayari. Alimwangalia, akaenda kwenye mfuko wangu akatoa Kilisun yake, akakaa nyuma ya mke wa mjomba wake akaanza kumpaka. Polepole, kama ninavyompaka yeye. Mabega, shingo, masikio. Wifi Kiswahili chake ni kidogo, na mtoto Kijerumani hajui hata neno moja. Akamwambia tu, "Anti, na masikio. Watu wanasahau masikio." Nikamtafsiria. Wifi akaishika mikono ile midogo iliyojaa losheni akaiweka usoni kwake, na hakuiachia kwa muda.

Jioni saa kumi na nusu jua lilipolegea akaingia tena, dakika ishirini. Aliogelea kutoka kwenye mzizi mpaka kwa mjomba wake, kama mita sita, bila dumu.

Wiki ya tatu ya Februari nitampeleka kupima kichocho, nimeshaandika kwenye kalenda. Ngozi haikuungua popote, isipokuwa kidogo juu ya mguu wa kushoto. Mama Muuguzi ulinionya na bado nikasahau mguu mmoja.

#19 · Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, nimesoma na miwani imenilazimu kuivua. Huo mguu upake, ufunike na soksi ya pamba wiki hii. Ikitokea malengelenge usiyapasue, njoo KCMC.

#20 · BintiNungwi

Mita sita! Mwambieni dada yake wa Nungwi anampigia makofi. Na wewe mama uendelee, usiishie kuelea.

#21 · Kibosho Juu

Mama, tunataka kumpeleka mpwa wangu mwezi huu, ana miaka sita. Barabara ya Boma kwenda ndani ilikuwaje? Na ile kofia ya machungwa umeipata wapi?

#22 · MamaWaSoweto

Barabara ilipitika, kuna sehemu moja tu ya tope karibu na mfereji, Noah ilipita, gari ndogo ingeguna. Mwende kabla mvua za Machi hazijaanza. Kofia nimeinunua soko la Memorial kwenye mitumba, zilikuwepo mbili. Ya pili ninayo, ni ya kijani iliyokolea, haijavaliwa. Nitumie ujumbe nikuletee.